Darasa Kabla ya Bastola

Karibu kila jimbo la Marekani humtaka mwindaji chipukizi asome kwanza ndipo apewe leseni ya kuwinda. Hufundishwa namna ya kushika bunduki anapovuka uzio, namna ya kujua kilichoko nyuma ya mnyama kabla hajafyatua, na kwa nini avae kizibao cha rangi ya machungwa kinachoonekana toka mbali. Halafu hufanya mtihani. Mtu huyohuyo akitaka bastola ya kuweka kwenye droo kando ya kitanda, katika majimbo mengi hatakiwi kusoma chochote. Atajaza fomu kwa muuzaji mwenye leseni, jina lake litapitishwa kwenye mfumo wa FBI wa kukagua rekodi za uhalifu, jibu litarudi mara nyingi ndani ya dakika chache, naye ataondoka na silaha yake. Akinunua kwa mtu binafsi, majimbo mengi hayadai hata ukaguzi huo.

Mimi naamini mafunzo yanapaswa kuwa lazima kwa kila anayemiliki silaha kwa mara ya kwanza. Nasema hivyo nikiwa mtu wa afya ya jamii, fani ambayo huanza kwa kuuliza nani anakufa, wapi na kwa namna gani. Lakini kila nikisoma mitaala inayotumika leo, naona kwamba sehemu kubwa ya mafunzo hayo inakinga vifo vichache na kuviacha vingi bila kuvigusa. Wanasheria na wanasiasa wa Marekani wanabishana kama mtu alazimishwe kusoma au asilazimishwe. Yanayofundishwa ndani ya darasa lenyewe hayajadiliwi sana, na hapo ndipo maisha ya watu yanapookolewa au kupotea.

Msomaji wa Nairobi au Dodoma ajue jambo moja kabla hatujaendelea. Kenya na Tanzania, silaha ya raia ni ruhusa inayotolewa na dola, na mwombaji ndiye mwenye mzigo wa kueleza kwa nini anaihitaji. Nchini Marekani ni haki iliyoandikwa katika Katiba, na serikali ndiyo yenye mzigo wa kueleza kwa nini inaiwekea masharti. Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania waliohamia huko na kupata ukazi halali wanaweza kununua bastola kama jirani zao, na wengi wao wametoka mahali ambapo bunduki ilikuwa mali ya askari au ya mtu wa kuogopwa. Kuanzia Januari 2019 hadi Aprili 2021, watafiti walikadiria kwamba Wamarekani milioni 7.5 walinunua silaha kwa mara ya kwanza maishani. Karibu nusu yao walikuwa wanawake. Milioni 5.4 kati yao walikuwa wakiishi katika nyumba ambazo hazikuwa na silaha hata moja, na pamoja nao watu wengine zaidi ya milioni 11, wakiwamo watoto zaidi ya milioni 5, walijikuta ghafla wanaishi na bunduki nyumbani. Hao watoto hawakujaza fomu yoyote.

Wapinzani hudai kwamba mafunzo ya lazima ni mbinu ya watu wasiopenda silaha. Historia haiungi mkono dai hilo. Sheria ya Wanamgambo ya mwaka 1792, iliyopitishwa miezi michache tu baada ya Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale yanayolinda haki ya silaha, kuidhinishwa, iliwataka wanaume weupe huru wenye umri wa miaka 18 hadi 45 wajipatie bunduki zao wenyewe na wafike kwenye gwaride na mazoezi. NRA, chama cha wamiliki wa bunduki ambacho leo kinapinga mafunzo ya lazima kwa nguvu zake zote, kilianzishwa New York mwaka 1871 na William Church na George Wingate, wapiganaji wa zamani wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliosikitishwa na askari wasiojua kulenga. Mwaka 1949 chama hichohicho kilishirikiana na jimbo la New York kuanzisha mafunzo ya usalama kwa wawindaji, na majimbo mengine yakafuata. Wazo la kwamba mwenye bunduki afundishwe lilizaliwa ndani ya jamii ya wenye bunduki.

Na mafunzo hayo yana faida ya kweli. Wakufunzi wengi huanza na kanuni nne zilizoenezwa na Jeff Cooper, ofisa wa zamani wa kikosi cha Marine aliyefungua shule ya bastola huko Arizona mwaka 1976. Chukulia kila silaha kuwa ina risasi. Mtutu usielekee kwenye kitu usichokuwa tayari kukiangamiza. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga. Ujue unacholenga na kilicho nyuma yake. Zimepangwa kwa busara, kwa sababu ili mtu apigwe risasi kwa bahati mbaya, kwa kawaida lazima zivunjwe walau mbili kwa pamoja. Ukisahau kwamba kuna risasi ndani lakini mtutu ukaelekea chini, sakafu itatoboka na kila mtu atakwenda zake mzima.

Kuna mambo ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuyabuni mwenyewe bila kufundishwa. Mgeni wa bastola hudhani kwamba akichomoa magazini, silaha imebaki tupu. Sivyo. Risasi moja inaweza kuwa ndani ya chemba, na katika bastola nyingi itatoka kifyatulio kikivutwa, hata kama magazini imelala mezani. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni suala la uhai. Unachomoa magazini kwanza, kisha unavuta slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, ili risasi ya chemba irushwe nje, kisha unachungulia kwa macho na kupapasa kwa kidole. Anayeanza na slaidi ndipo achomoe magazini ameitoa risasi moja na kuiingiza nyingine, na sasa ana mkononi bastola anayoamini ni tupu. Kosa hilo husahihishwa kwa dakika tano za kufundishwa na mtu anayejua, silaha ikiwa mkononi, na kurudia mara kadhaa. Kijitabu hakitoshi, wala video.

Basi tuhesabu. Mwaka 2022 watu 48,204 walikufa kwa risasi Marekani. Waliokufa kwa ajali walikuwa 463. Waliouawa na wenzao walikuwa 19,651. Waliojiua walikuwa 27,032, yaani zaidi ya nusu ya wote. Kanuni nne za Cooper zinawahusu wale 463 na majeruhi wengi wa ajali ambao hawakufa. Maisha hayo yana thamani, na kama mafunzo ya lazima yangeyaokoa hayo peke yake bado ningeyatetea. Kwa mauaji, darasa halimzuii mtu aliyedhamiria kuua. Lakini wale 27,032 wako ndani ya uwezo wa darasa kwa kiasi kikubwa kuliko watu wanavyodhani, na darasa karibu haliwataji.

Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa takriban asilimia 61 ya wamiliki wa silaha Marekani wamewahi kupata mafunzo rasmi ya namna fulani, kwa hiyo si kweli kwamba taifa zima linanunua bila kujifunza. Walipoulizwa walifundishwa nini, walio wengi walitaja ushikaji salama wa silaha na kuzuia ajali. Waliosema kwamba mafunzo yao yaligusia namna ya kuzuia kujiua walikuwa asilimia 15 tu. Kuna matokeo ya zamani zaidi yanayonisumbua. Mwaka 1995 watafiti wa Harvard, wakichapisha katika jarida la JAMA, walikuta kwamba wamiliki waliopata mafunzo walielekea zaidi kuweka silaha nyumbani ikiwa na risasi na bila kufungiwa kuliko wasiopata. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba mafunzo yaliwaharibu. Huenda wanaonunua kwa ajili ya kujilinda ndio wanaokimbilia darasani, na ndio wanaotaka silaha iwe tayari usiku. Hata hivyo yanatuonya tusidhani kwamba kila saa ya mafunzo ni saa ya usalama. Mkufunzi anayesisitiza kuwahi, kuwa tayari na kutomwamini mgeni, bila kusema neno juu ya kufuli, anafundisha tabia, na tabia hiyo inarudi nyumbani kwenye watoto.

Ushahidi ambao kwangu ni mzito kupita wote unatoka Israel. Askari wa huko hufundishwa silaha kwa kiwango ambacho hakuna darasa la raia linaloweza kukifikia. Hawa ni watu wanaoweza kuipasua bunduki na kuiunganisha gizani. Pamoja na hayo, vijana wengi walikuwa wakijiua, wengi wao kwa silaha za jeshi walizokwenda nazo nyumbani mwisho wa wiki. Mwaka 2006 jeshi lilibadilisha utaratibu, na askari wanaokwenda mapumziko wakatakiwa kuacha bunduki kambini. Vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban asilimia 40, na upungufu mkubwa ulionekana katika siku zile za mwisho wa wiki. Siku za kazi hazikubadilika sana. Hakuna aliyefundishwa zaidi namna ya kushika silaha. Kilichobadilika ni mahali silaha ilipolala.

Inaeleweka kwa nini. Wazo la kujiua kwa watu wengi huja kama wimbi, hupanda, hufika kileleni na kushuka. Aliyevuka saa hizo kwa kawaida anaishi, na tafiti zilizowafuatilia walionusurika jaribio zinaonyesha kwamba takriban tisa kati ya kumi hawafi baadaye kwa kujiua. Bunduki ndiyo isiyotoa nafasi hiyo, kwani karibu tisa kati ya kumi wanaoitumia hufa. Kwa hiyo kila kizuizi kati ya mtu na kifyatulio, iwe kufuli, sefu ambayo ufunguo wake uko kwa ndugu, au bastola iliyopelekwa kwa rafiki kwa muda, kinampa dakika au siku ambazo zinaweza kumrudisha. Haya ni mambo ya kufundishika, tena kwa lugha nyepesi, na hayamnyang'anyi mtu yeyote haki yake.

Hapo pia ndipo wakati wa mafunzo unapokuwa na uzito sawa na mafunzo yenyewe. Mwaka 1999, daktari na mtafiti Garen Wintemute na wenzake walichapisha uchambuzi wa wanunuzi wa bastola wa California. Katika wiki ya kwanza baada ya kununua, kiwango cha kujiua kwa silaha miongoni mwao kilikuwa mara 57 ya kile cha watu wengine wa jimbo hilo. Utafiti mwingine wa California, uliotoka mwaka 2020 ukiwa umewafuatilia watu wazima milioni 26, ulikuta kwamba wanaume wanaomiliki bastola walikufa kwa kujipiga risasi mara nane zaidi ya wanaume wasiomiliki, na wanawake mara 35. Hatari ilikuwa juu kabisa mara tu baada ya kununua, ingawa zaidi ya nusu ya vifo vilitokea baada ya mwaka mmoja kupita.

Takwimu hizo mbili za mwisho zinataka zisomwe pamoja. Ile ya kwanza inasema kuna watu wanaonunua wakiwa tayari ndani ya wimbi, na kwao darasa linalokuja kabla ya silaha ni muda wa kupumua. Anayetakiwa kujiandikisha Jumatatu, kusoma Jumamosi na kuchukua kibali wiki zijazo amepewa siku ambazo duka lisingempa. Mafunzo yanayotolewa baada ya kununua hayana nguvu hiyo hata kidogo. Takwimu ya pili inasema kwamba bastola inakaa nyumbani miaka mingi, inangoja talaka, kufukuzwa kazi, mtoto wa kiume anayebalehe, au baba anayeanza kusahau majina ya wajukuu. Kwa hao muda wa kusubiri umekwisha zamani. Wanachohitaji ni mazoea yaliyojengwa darasani siku ya kwanza na kukumbushwa kila leseni inapohuishwa.

Je, kuna mahali palipojaribu? Connecticut ilipitisha sheria mwaka 1995 inayomtaka mnunuzi wa bastola apate kibali kwanza, na ili akipate asome darasa la saa zisizopungua nane. Watafiti wa Johns Hopkins waliopima athari zake walikuta upungufu wa mauaji ya risasi, na pia upungufu wa takriban asilimia 15 wa kujiua kwa silaha. Missouri, iliyofuta sheria yake ya kibali mwaka 2007, ilielekea upande wa pili. Tahadhari yangu ni kwamba kibali cha Connecticut kina mambo mengi kwa pamoja: umri wa miaka 21, kufika polisi, kuchunguzwa rekodi, kungoja na kusoma. Huwezi kukitenga kipande cha darasa na kukipa sifa zote. Shirika la RAND, ambalo limekusanya na kupima tafiti za sheria za silaha kwa miaka mingi, linaona ushahidi imara katika sheria zinazowabana wamiliki wanaoacha silaha mahali watoto wanaweza kuifikia. Kwa mafunzo pekee halioni ushahidi wa kiwango hicho. Ninayetetea mafunzo ya lazima sipaswi kulificha hilo. Nalichukua kama maelekezo ya ufundishaji, kwamba darasa libebe ujumbe ambao tayari unajulikana kuokoa.

Kanada imekwenda mbali zaidi. Huko hakuna anayepata leseni ya silaha bila kupita mafunzo ya usalama na mtihani wa maandishi na wa vitendo. Anayeomba kwa mara ya kwanza husubiri siku zisizopungua 28, na mwenza wake wa sasa au wa karibuni hutakiwa kusaini au kujulishwa. Kipengele hicho cha mwisho nakipenda kuliko vyote, kwa sababu mke au mume ndiye anayejua kama mtu halali usiku.

Marekani haiwezi kunakili Kanada kwa sababu ya mahakama zake. Juni 2022, katika kesi ya Bruen, Mahakama ya Juu ilisema sheria ya silaha lazima iendane na mapokeo ya kihistoria ya taifa hilo. Jaji Clarence Thomas, aliyeandika uamuzi huo, aliweka tanbihi muhimu: majimbo yanayotoa leseni za kubeba silaha kwa kila anayetimiza masharti, kama vile kuchunguzwa rekodi au kusoma darasa la usalama, hayakutiliwa shaka kwa ujumla, ila ucheleweshaji mrefu au ada za kukomoa zinaweza kupingwa. Maryland, ambayo tangu 2013 humtaka mnunuzi wa bastola asome saa nne na kufyatua angalau risasi moja, ilishindwa mbele ya majaji wachache wa mahakama ya rufaa Novemba 2023, ikashinda mbele ya jopo kamili Agosti 2024, na Januari 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa. Mlango uko wazi kwa jimbo linalotaka kufundisha, mradi lisitumie darasa kama ukuta.

Na kuna waliolitumia kama ukuta. Chicago, baada ya marufuku yake ya bastola kuangushwa mwaka 2010, ilitunga sheria mpya ikimtaka kila mwenye bastola afanye saa moja ya mazoezi kwenye uwanja wa shabaha, na papo hapo ikapiga marufuku viwanja vya shabaha ndani ya jiji. Mahakama ya rufaa iliizuia marufuku hiyo mwaka uliofuata, na ilistahili kuzuiwa. Kitendo kile kiliwapa wapinzani wa mafunzo silaha ya hoja wanayoitumia mpaka leo, na sina namna ya kukitetea. Watu weusi wa Marekani wana sababu za ndani zaidi za kutoamini vibali. Martin Luther King aliomba kibali cha kubeba silaha huko Alabama mwaka 1956, baada ya nyumba yake kulipuliwa kwa bomu, na mamlaka ikamnyima. Mtu asiniambie kwamba hofu ya sheria kutumika kwa upendeleo ni ya kubuni.

Kwa hiyo gharama lazima ziangaliwe kwa makini. New York humtaka anayeomba kubeba silaha asome saa 16 darasani na saa mbili za kufyatua, na wakufunzi binafsi hutoza dola mia kadhaa. Kwa daktari si kitu. Kwa mama anayefanya usafi hospitalini zamu ya usiku, tena kwenye mtaa ambao polisi huchelewa kufika, ni mshahara wa siku nyingi pamoja na mtu wa kumwachia watoto. Darasa la lazima liwe bure au la bei ndogo, liwepo siku za mapumziko, na lifikike kwa mabasi ya umma. Fedha zipo. Sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 hukata kodi ya asilimia 10 kwenye bastola na 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, nayo tayari hulipia mafunzo ya wawindaji. Katika miaka ya karibuni kodi hiyo, ikijumuisha ya vifaa vya upinde, imeleta karibu dola bilioni moja kwa mwaka. Kuitumia sehemu yake kumfundisha mnunuzi wa kwanza wa bastola ni jambo ambalo hata mwenye duka la silaha anaweza kulikubali.

Lugha nayo ni sehemu ya gharama. California hutoa kitabu cha kujisomea kwa ajili ya mtihani wake wa usalama kwa Kiingereza na Kihispania. Wakimbizi wa Kongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa yaliyopokelewa Marekani kwa miaka kadhaa hadi mwaka 2024, na wengi wanazungumza Kiswahili kuliko Kiingereza. Mtu akifeli mtihani kwa sababu hakuelewa swali, hatujapima usalama wake. Akifaulu kwa kukariri maneno asiyoyaelewa, ni hatari zaidi.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo haijibiwi kwa urahisi. Mwaka 2015, mwanamke mmoja wa New Jersey aliyekuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mpenzi wake wa zamani aliomba kibali cha kununua bastola. Sheria iliipa polisi siku 30 kujibu. Siku zilipita bila jibu, na mwanaume huyo akamuua kwa kisu nje ya nyumba yake. Hakuna takwimu ninayoweza kuiweka mbele ya familia ile ikawa jibu. Najua kwamba bunduki ikiwa karibu na mwanaume mpigaji, hatari ya mwanamke kuuawa huongezeka takriban mara tano, na kwamba silaha ndani ya nyumba yenye vita haichagui upande. Lakini sheria inayomtaka mtu asome na kusubiri ina wajibu wa kuweka njia ya dharura kwa mwenye amri ya mahakama: mkufunzi ndani ya siku mbili, jibu la polisi lenye muda wa mwisho usiosogezwa, na silaha ya mshambuliaji kuchukuliwa kweli, siyo kuandikwa tu kwenye karatasi kwamba aisalimishe.

Ningepewa kuandika mtaala, ningegawa siku nzima hivi. Asubuhi iwe ya mikono: kupakia na kutoa risasi mara nyingi mpaka mpangilio ule ukae mwilini, kisha kufyatua chini ya usimamizi. Sheria za jimbo kuhusu lini mtu anaruhusiwa kujihami zichukue saa moja na mwanasheria. Mchana wote uwe wa nyumba. Kila mwanafunzi achore mahali atakapoweka silaha, aseme nani anaishi humo na nani huja kulala, na aoneshe kwa vitendo kwamba sefu ndogo ya kando ya kitanda hufunguka ndani ya sekunde chache, maana hofu ya kuchelewa ndiyo inayowafanya watu waache bastola wazi. Takriban watoto milioni 4.6 wa Marekani wanaishi katika nyumba zenye angalau bunduki moja yenye risasi na isiyofungiwa. Mwishoni mwa Novemba 2021 baba mmoja wa Michigan alinunua bastola, na siku nne baadaye mwanawe aliua wanafunzi wanne wa shule ya Oxford kwa bastola hiyo. Wazazi wote wawili walihukumiwa kifungo mwaka 2024. Mnunuzi mpya asikie habari hiyo kabla hajalipa.

Saa ya mwisho ningeiacha kwa kuzungumza juu ya kukata tamaa, na nisingemleta daktari. Ningemleta mtu wa bunduki. Huko New Hampshire, mwaka 2009, watu watatu walinunua silaha katika duka moja ndani ya wiki moja na kujiua muda mfupi baadaye. Mwenye duka hakusema kwamba hayamhusu. Aliungana na wataalamu wa kuzuia kujiua wakaandaa maelekezo kwa wauza silaha, yanayosaidia kumtambua mteja aliye kwenye dhiki na kumwambia arudi siku nyingine. Utah, jimbo lisilopenda kubanwa kuhusu silaha, watetezi wa haki ya silaha walishirikiana na watafiti wa Harvard kuandaa somo la kuzuia kujiua kwa ajili ya madarasa ya leseni ya kubeba silaha. Ujumbe wake ni wa kirafiki, kwamba rafiki yako akiachwa, akilewa kila siku, akianza kugawa vitu vyake, mwombe umtunzie bunduki mpaka hali itulie. Mwenye silaha humsikiliza mwenye silaha mwenzake.

Mwaka 2025 majimbo ya Colorado na Washington yalipitisha sheria zinazodai mafunzo kabla ya kununua, ile ya Colorado ikihusu baadhi ya bunduki zinazojipakia zenyewe na ikipanga kuanza Agosti 2026. Majimbo hayo yana nafasi ambayo Connecticut haikuipata: kuweka msingi wa upimaji kabla ya darasa la kwanza kufunguliwa. Wanafunzi waulizwe wanavyohifadhi silaha siku ya kujiandikisha, waulizwe tena baada ya mwaka, na vifo vya wilaya kwa wilaya vilinganishwe. Ikionekana baada ya miaka mitano kwamba bastola bado zinalala wazi kwenye droo, mtaala uandikwe upya, na wakufunzi wa bunduki wa Utah waitwe mezani kusaidia kuuandika.